Mshipa wa bandia umefaulu kwa kondoo: je, baba asubiri?

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68 na ana kisukari cha miaka 15. Mwezi uliopita alipimwa mishipa ya moyo kwa kupitishiwa mrija kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ikaonekana mishipa mitatu imeziba. Ameambiwa afunguliwe kifua, na mshipa uchukuliwe mguuni upandikizwe kwenye moyo. Mguu wake wa kushoto una mishipa iliyotuna na kujikunja tangu sisi tukiwa wadogo. Sasa kaka yangu aliye Muscat ametutumia habari kwamba kuna mishipa ya bandia iliyojaribiwa kwa kondoo na nguruwe ikafanya kazi vizuri. Baba anaogopa mguu wake kuchanwa, anasema atasubiri huo wa bandia. Mama naye anauliza: kama ulijaribiwa kwa nguruwe, si ndani yake mna nguruwe? Tufanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Naanza na jibu lenyewe, maana najua nyumba nzima inalingoja: baba asisubiri. Mshipa wa bandia wa kupandikiza kwenye moyo, ambao madaktari wa upasuaji wanautumia kama kawaida, haujapatikana bado, si hapa wala Ulaya wala Marekani. Habari aliyotuma kaka yako huenda ni ya kweli kabisa. Ila habari ya kweli kuhusu kondoo bado haijawa habari kuhusu baba yako, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kwanza nimjibu mama, kwa kuwa swali lake ni la haki na mara nyingi watu wa hospitali hulipita haraka. Kujaribiwa ndani ya mnyama si kutengenezwa kwa mnyama. Mrija unaojaribiwa hushonwa kwenye mwili wa kondoo au nguruwe, ukakaa wiki au miezi, kisha ukatolewa na kuchunguzwa kwa hadubini. Huo haurudi tena kwa mtu yeyote. Mirija inayotumika kwa binadamu leo kwenye mishipa mikubwa hutengenezwa kwa poliesta, kile kitambaa kinachojulikana kama Dacron, au kwa PTFE, ambayo ni jamii ileile ya utando wa kikaangio kisichoshika chakula. Baadhi ya mirija ya kitambaa hupakwa kolajeni au jelatini ya ng'ombe ili isivuje.

Lakini mama asije akasema nilimficha. Katika upasuaji wa moyo kuna kitu cha nguruwe anachoweza kukutana nacho, nacho hakihusiani na mshipa wa bandia: heparini, dawa ya kuzuia damu isigande wakati wa upasuaji, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Wanazuoni wengi wameiruhusu kwa sababu ya dharura ya kuokoa uhai. Namshauri mama azungumze na sheikh wake mapema na amwambie daktari wa upasuaji wazi, siyo siku ya kuingia chumba cha upasuaji. Madaktari wa ukanda huu wameulizwa swali hilo mara nyingi na hawatamshangaa.

Sasa tuje kwenye mshipa. Baba anadhani, na wengi wanadhani hivyo, kwamba bomba jipya la kiwandani lazima liwe bora kuliko mshipa wa mguuni uliotumika miaka 68. Kwa mishipa mikubwa mawazo yake hayako mbali na ukweli. Mwaka 1947 daktari kijana wa Marekani, Arthur Voorhees, aliona kwamba uzi wa hariri uliokuwa umebaki ndani ya moyo wa mbwa ulikuwa umefunikwa na utando laini unaong'aa, kana kwamba mwili umeukubali. Akawaza: kama uzi mmoja unafunikwa, basi mrija wa kitambaa nao utafunikwa. Mwaka 1952 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mirija ya kitambaa waliyoishona kwa mbwa, na miaka michache baadaye mirija ya namna hiyo ikawa inaokoa watu wenye mshipa mkuu wa tumboni uliotanuka. Michael DeBakey wa Houston alishona mirija yake ya Dacron kwa cherehani ya nyumbani. Kwa hiyo usimsikilize mtu anayesema majaribio ya wanyama hayajawahi kumsaidia mtu. Kwenye mshipa mkuu wa damu yamesaidia sana.

Tofauti inakuja kwenye upana. Mshipa mkuu wa damu una upana wa milimita 20 hivi. Mishipa inayolisha moyo ina milimita 2 hadi 4, na pale tunaposhonea mara nyingi ni milimita 2 au pungufu. Kila kitu kigeni kikiguswa na damu hupata utando mwembamba wa damu iliyoganda. Tuseme utando huo una nusu milimita pande zote. Mrija wa milimita 20 unabaki na 19, na kwa msukumo uleule damu inayopita bado ni zaidi ya asilimia 80 ya ile ya mwanzo. Mrija wa milimita 3 unabaki na 2. Unaona ni theluthi moja tu imepungua, lakini mwendo wa majimaji ndani ya bomba haufuati hesabu hiyo. Damu inayopita hushuka hadi kama asilimia 20. Ikipungua hivyo inatembea polepole, na damu inayotembea polepole inazidi kuganda. Ndiyo maana mirija ya plastiki hufanya kazi vizuri ikiwa na upana wa milimita 6 na kuendelea, na chini ya hapo huanza kutuangusha. Ilishajaribiwa kwenye mioyo ya watu miongo iliyopita na ikaziba mapema mno.

Mshipa wa asili hauzibi hivyo kwa sababu ndani yake umepambwa na safu moja ya seli hai. Safu hiyo ni nyembamba kuliko utando wa ndani wa yai, lakini kazi yake ni kubwa: usiku na mchana inatoa kemikali zinazoziambia chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikane. Plastiki haina neno la kuiambia damu. Halafu mshipa wa asili hutanuka kila pigo la moyo na kurudi, kama mara laki moja kwa siku. Plastiki haitanuki kiasi hicho. Pale kigumu kiliposhonwa na laini, kila pigo linavuta mshono, na seli za mshipa hujibu kwa kuota na kujaza kovu. Damu kuganda ni tatizo la siku na wiki za mwanzo. Kovu ni tatizo la miezi. Baada ya miaka ndipo huja mafuta na chokaa. Zishike nyakati hizo tatu, zinatupeleka moja kwa moja kwa kondoo.

Nikiwa masomoni ng'ambo nilifanya kazi katika maabara ya upasuaji wa wanyama. Kondoo hufungishwa chakula kabla ya upasuaji, kisha hupitishiwa mpira mpana hadi tumbo la kwanza, kwa sababu akilala ubavu gesi humjaa na kumbana mapafu. Baada ya upasuaji hawekwi peke yake, maana kondoo aliye peke yake hufadhaika na kuacha kula. Tulikuwa tunawaweka wawili wawili, na asubuhi kitu cha kwanza ni kumwangalia yule aliyefanyiwa kama amesimama na kama anacheua. Uzi wa kushonea mshipa mdogo ni mwembamba kama unywele, unashona ukiwa umevaa miwani ya kukuza, na mshono mmoja ukiuvuta kuliko inavyotakiwa umeharibu kazi ya asubuhi nzima.

Kuna kondoo mmoja sijamsahau. Upande wa kulia wa shingo tulimwekea mrija wa sentimita 4, upande wa kushoto mrija wa kiwanda hichohicho wenye urefu wa sentimita 12 hivi. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha damu inapita pande zote mbili, na mtu angeweza kuandika kwamba yote miwili imefaulu. Muda wa jaribio ulipokwisha tuliipasua kwa urefu. Ule mfupi ulikuwa unang'aa ndani kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama upande wa ndani wa kombe la chaza. Ule mrefu uling'aa kwenye ncha tu. Katikati ulikuwa mkavu wa rangi, una madoa mekundu ya damu iliyoshikana, na kwenye mshono wa chini palikuwa na pete ya nyama nyeupe, ngumu, iliyoacha tundu ambalo njiti ya kiberiti ingepita kwa shida. Mnyama mmoja, mrija wa aina moja, mikono ileile. Kilichotofautiana ni urefu peke yake.

Seli za utando hutambaa kutoka kwenye mshipa wa asili, zinavuka mshono na kuingia kwenye mrija. Kwa wanyama wengi hutambaa vizuri, hivyo mrija mfupi hufunikwa wote na mtafiti akafurahi. Kwa binadamu hutambaa sentimita moja au mbili tu, kisha husimama. Mwaka 1972 kundi la watafiti la Lester Sauvage, Marekani, lilichunguza mirija iliyotolewa kwa watu waliokaa nayo muda mrefu, likakuta katikati bado haijafunikwa. Mshipa wa kupandikiza kwenye moyo, kutoka mshipa mkuu hadi mbele ya palipoziba, unahitaji urefu wa sentimita 10 hadi 20. Sasa unaona kwa nini nikisoma "umefaulu kwa kondoo" jicho langu linakimbilia kwanza kutafuta urefu wa mrija, upana wake, uliwekwa shingoni au kwenye moyo wenyewe, na ulikaa siku ngapi. Habari nyingi za mitandaoni haziyataji hata moja kati ya hayo.

Na mnyama gani? Kila mmoja anatuambia kitu na anatuficha kitu. Mbwa ana njia nyingi za pembeni zinazolisha moyo, hivyo mrija ukiziba anaweza asionyeshe dalili yoyote. Moyo wa nguruwe unafanana na wetu kwa mpangilio wa mishipa na njia zake za pembeni ni chache, ndiyo maana watafiti wanamtaka. Lakini moyo wake ukiguswa hupoteza mapigo kwa urahisi, na nguruwe wa kawaida hukua haraka mno, ndani ya nusu mwaka ameshapita kipimo cha mrija wenyewe. Kondoo ni mtulivu na ukubwa wake unafaa, ila akiwa mdogo chokaa hujijenga kwenye vipandikizi vyake upesi kuliko kwa mtu mzima. Nyani ndiye ambaye damu yake huganda kwa namna iliyo karibu zaidi na yetu. Ni wachache wanaotumiwa, na mimi naona ni sawa kuwa wachache. Wote hao, pamoja na hivyo, ni wanyama vijana, hawana kisukari, hawajawahi kuvuta sigara, mishipa yao haina mafuta hata kidogo. Baba yako ana miaka 15 ya sukari kwenye kuta za mishipa yake.

Kwa hiyo jaribio zuri la wanyama kazi yake ni kutafuta mrija utaharibikia wapi. Ukiharibika kwa kondoo tumemwokoa mtu. Usipoharibika, tunapata ruhusa ya kuendelea na swali linalofuata. Sijawahi kulichukulia jambo hili kwa wepesi, kwani yule kondoo aliyesimama asubuhi anakula nyasi hakuchagua kuwa pale. Deni letu kwake ni kusoma matokeo yake kwa ukweli, na kutangaza ushindi ambao hakutupa ni kumdhulumu yeye na kumdhulumu mgonjwa.

Nikupe mfano wa mwendo wenyewe ulivyo. Mwaka 1999 Laura Niklason na wenzake, Marekani, walitangaza kwamba wameotesha mishipa kwa kutumia seli hai maabara na kuipandikiza kwa nguruwe. Kazi hiyo ikaendelea na kubadilika. Sasa seli za binadamu huoteshwa juu ya wavu unaoyeyuka, zinajenga ukuta wa mshipa, kisha seli zenyewe huoshwa ikabaki fremu tupu ambayo mwili haupigani nayo. Ni Desemba 2024 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliuidhinisha mshipa wa aina hiyo unaoitwa Symvess, tena kwa watu wazima walioumia mkono au mguu na damu inatakiwa irudishwe haraka, wakati mshipa wao wenyewe haufai. Upana wake ni milimita 6, na umewekewa onyo zito kwamba unaweza kuharibika na kuvuja damu. Miaka 25 imepita kutoka kwa nguruwe hadi hapo, na bado tuko mkononi na mguuni. Mwembamba zaidi, wa kipimo cha moyo, umeshajaribiwa kwenye moyo wa nyani. Ninaifuatilia kazi hiyo kwa matumaini ya kweli. Moyo wa baba yako hauwezi kuingojea.

Turudi nyumbani basi, kwa alichonacho baba. Mshipa bora kuliko yote haumo mguuni. Uko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, upande wa kushoto. Daktari huubandua kwenye ukuta wa kifua na kuushonea kwenye mshipa muhimu zaidi wa mbele ya moyo. Baada ya miaka 10, zaidi ya 9 kati ya 10 bado hupitisha damu. Mshipa wa mguuni hauko hivyo. Ulizoea msukumo mdogo wa damu inayorudi moyoni, ghafla unabebeshwa msukumo wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na baada ya miaka 10 karibu nusu huwa imeziba au imeharibika sana. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba hata sisi hatujaridhika nao, na ndiyo sababu watu wanahangaika na kondoo. Kati ya hiyo miwili kuna ateri ya mkono, ile unayopimia mapigo kwenye kifundo. Mara nyingi hudumu kuliko wa mguuni.

Mguu wenye mishipa iliyotuna, huo wa kushoto, kweli haufai. Mshipa uliopanuka na kujikunja haukai vizuri kwenye moyo. Lakini baba ana mguu wa kulia. Ombeni apimwe mishipa ya miguu yote miwili kwa mawimbi ya sauti kabla ya upasuaji, mjue mapema nini kipo. Na hofu yake ya mguu kuchanwa mwambie hivi: mshipa unaochukuliwa ni wa juu juu, chini ya ngozi, na damu nyingi ya mguu hurudi kupitia mishipa ya ndani kabisa. Mguu utavimba wiki kadhaa, ngozi inaweza kufa ganzi karibu na kifundo. Kwa mwenye kisukari kinachonitia wasiwasi zaidi ni kidonda. Muulizeni daktari kama hospitali ina kifaa cha kuuvuta mshipa kupitia matundu madogo badala ya kuchana mguu mzima. Kama hakipo, sukari ikidhibitiwa vizuri kabla na baada, kidonda kirefu nacho hupona.

Huenda mtu amewaambia atanuliwe mishipa kwa vyuma vidogo, bila kufunguliwa kifua. Ni swali halali. Utafiti uitwao FREEDOM, uliotangazwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa kadhaa ya moyo iliyoziba. Ndani ya miaka mitano, waliofariki au kupata shambulio la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 26.6 kwa waliowekewa vyuma, na 18.7 kwa waliopasuliwa. Upande wa kiharusi peke yake upasuaji ulikuwa mbaya zaidi, asilimia 5.2 kwa 2.4, na hilo lazima mlijue. Kwa mtu mwenye hali kama ya baba, nikipima yote, ningemshauri upasuaji. Kama figo zake au mapafu yana shida ambayo hukuniandikia, mizani inaweza kubadilika, na anayeweza kuipima ni daktari anayemwona ana kwa ana na picha za mishipa zikiwa mezani.

Jambo moja la tahadhari. Akitokea mtu anayewauzia mshipa wa bandia wa moyo, au nafasi ya kuingizwa kwenye majaribio kwa malipo, mkimbieni. Tanzania, majaribio ya kitabibu kwa binadamu hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa upande wa maadili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa upande wa kibali, na mshiriki halipishwi.

Na kuna hali ambayo hamtakiwi kunisubiri mimi wala tarehe ya kliniki. Baba akishikwa na maumivu au kubanwa kifua akiwa amepumzika, yakapita robo saa, au akatoka jasho jembamba, akakosa pumzi, mkimbizeni hospitali yenye huduma ya dharura saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Wenye kisukari wakati mwingine hawasikii maumivu kabisa. Kwao uchovu wa ghafla na pumzi kukata hutosha kuwa dalili.

Mtakapokwenda kumwona daktari wa upasuaji, nendeni na dawa zote za baba kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba kama zipo. Kwa kuwa kipimo kilipitia mkono wa kulia, ateri ya mkono huo kwa kawaida haitumiwi tena kupandikizwa. Muulizeni kama anafikiria ya kushoto. Kama ndiyo, kuanzia sasa baba akilazwa popote waambieni manesi wasiuchome mkono wa kushoto, wala kwa damu wala kwa dripu, na mliandike hilo kwa kalamu nyuma ya kadi yake ya kliniki.